Ngome Kongwe, Majestic, klabu au kiwanja: mchezo wako uutie wapi?

Maalim mmoja wa Chake Chake, Pemba, alinipigia simu mwaka juzi, mwezi wa Rajabu. Ana vijana kumi na wanne wa skuli, ana mchezo wa kuigiza wa saa moja kasoro kidogo, na nauli ya boti ya kwenda na kurudi ameshaikusanya. Alichokuwa hana ni ukumbi.

"Dada, wote wananiambia Ngome Kongwe ndiyo yenyewe," akasema. "Kuna mwengine kaniambia nikaitazame Majestic, ile sinema ya zamani, ati ndiyo yenye historia. Wewe umeshika mapazia miaka yote hii, hebu nambie."

Nikamuuliza: "Maalim, katika mchezo wenu watu watatunza?"

Akacheka. Akadhani namuuliza mapato.

Fedha zimo, lakini silo nililokuwa naliuliza. Kwetu mtu akiguswa na beti haketi akapiga makofi basi. Anainuka na kanga yake mpya, noti kainyoosha juu, anapita mbele za watu taratibu makusudi waonaji wamuone, anamfikia mwimbaji, anamtunza, na wakati wa kurudi anamtupia jicho fulani aliyekaa safu ya tatu ili ajue kuwa beti ile imemlenga yeye. Huo nao ni mchezo, na mara nyingi ndio unaokwenda kusimuliwa kesho yake sokoni Darajani. Hata katika maigizo ya maneno matupu, mtazamaji wa kwetu hujibu. Mwizi akijificha nyuma ya mlango, watoto wanamtaja. Mume akisema uongo, kina mama wanaguna mpaka mwigizaji inambidi angoje.

Kwa hivyo mimi ukumbi naupima kwa njia ya mtunzaji. Kutoka alipokaa mpaka miguuni mwa anayecheza kuna hatua ngapi? Kuna ngazi? Kuna kamba? Kuna mlinzi wa kumuuliza unakwenda wapi? Ukishaijua njia hiyo, unajua mchezo gani utaishi humo na upi utafia mikononi mwako. Idadi ya viti na taa nazitazama baadaye.

Ngome Kongwe

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza. Iko Forodhani, Mji Mkongwe wa Unguja, uso umeelekea bahari, jirani na Beit el-Ajaib. Kabla ya ngome, pale palikuwa na kanisa dogo la Wareno. Waarabu wa Oman walipowatoa Wareno mwaka 1698 wakajenga ngome kwenye kiwanja kile kile, na masalio ya kanisa yakamezwa ndani ya kuta. Wazee walikuwa wakipaita Gereza, na neno hilo linasemwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na neno likafuata nyuma kama mtoto aliyeshika pindo la kanga ya mamaake.

Baada ya jela yakaja mengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 palitumika kwa kazi za reli, ile iliyokuwa ikitoka mjini kwenda Bububu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uwanja ukawa wa kina mama, wakicheza tenisi mbali na macho ya wanaume. Ngazi za mawe za nusu duara wanazokaa watazamaji leo ni za miaka ya 1990. Nalisema hili kwa sababu mgeni akiziona kuta zile hudhani masultani walikuwa wakikaa pale jioni kutazama michezo. Hawakukaa. Kuta ni za zamani sana, lakini kwa umri wa maonyesho Ngome Kongwe ni binti mdogo, na Majestic ni nyanya yake.

Kilichoipa jina ni matamasha mawili: la filamu, ZIFF, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na la muziki, Sauti za Busara, lililoanza 2004. Watu wakijaa ndani ya kuta zile, mwezi uko juu na popo wanakata angani, hakuna mahali pazuri kama pale Afrika Mashariki nzima, na hapo sijali nani atanibishia.

Lakini wakati wa tamasha kuna mitambo ya tamasha. Wewe ukija na kikundi chako cha skuli siku ya Jumatano, unaikuta Ngome ilivyo. Juu hakuna paa. Nje ya ukuta Forodhani wanauza mishkaki, urojo na miwa, na kelele za biashara hazijui kuwa ndani kuna mtu anakufa jukwaani. Kipindi cha kusi, kuanzia mwezi wa Juni, upepo unaruka ukuta na kuchukua maneno. Mwaka mmoja tulikodi vipaza sauti kwa mtu ambaye jina lake nalisitiri. Alileta vipaza bila hata zile kofia zake za sponji. Watu mia mbili walikaa saa nzima wakisikiliza upepo ukiigiza. Mwigizaji wetu mkubwa, mtu wa sauti, alikuwa akifungua mdomo na kufunga kama samaki kwenye tenga.

Na njia ya mtunzaji? Pale ni mteremko. Mama aliyekaa ngazi za juu akitaka kutunza lazima ashuke mawe gizani na viatu vyake vya shughuli, apite magoti ya watu, na mpaka afike beti imeshapita na mwimbaji yuko kwenye kibwagizo chengine. Wengi huona bora wakae. Mara ya kwanza tulipopeleka taarabu pale nilidhani watu hawakuipenda. Waliipenda, walishindwa na ngazi. Tangu hapo, nikicheza Ngome, nawaambia waigizaji na waimbaji wao ndio wapande kwa watu. Usimngoje mtazamaji akufuate.

Jambo jengine ni mlango. Ngome ina lango moja kubwa, na penye lango moja watu hufikiria tiketi. Mzee wa Kwahani au Miembeni aliyezoea kusimama pembeni ya shughuli akatazama kidogo, akipenda akakaa, akichoka akaondoka, akiliona lango lile anajiambia hapa si pangu, pa watalii. Unaweza kumwekea kiingilio cha bure na bado asiingie. Ukitaka watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, waje Ngome, lazima ukawaalike kwa miguu, mtaa kwa mtaa, tena umtaje mtu kwa jina lake.

Majestic

Hapa nisameheni, nitakaa kidogo.

Mwaka 1921, Vuga, ilifunguliwa nyumba ya maonyesho iliyoitwa Royal Cinema Theatre. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, na mchoraji wa jengo alikuwa J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Mahakama Kuu na Beit al-Amani, Mwingereza aliyependa kuba na matao utadhani amezaliwa Muscat. Baadaye nyumba ikaitwa Majestic. Mwaka 1954 ikaungua. Jengo lililosimama leo ni la 1955, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania, na halina kuba wala tao; ni mtindo wa ati-deko (Art Deco), mistari iliyonyooka ya saruji, sura ya mji uliotaka kuonekana wa kisasa.

Bibi yangu aliikuta ile ya kwanza. Aliikumbuka kwa jambo moja: maonyesho ya zanana, ya wanawake watupu. Mabuibui yamejaa mlangoni, watoto wamebebwa, karanga kwenye karatasi, na ndani filamu ya Kihindi ambayo hakuna aliyeijua lugha yake ila nyimbo wanazijua zote. "Tukilia pamoja," alikuwa akisema, "halafu tukitoka kila mtu anaficha macho." Habari ya moto alikuwa akiitaja kama msiba wa mtu: mwaka ulioungua Royal. Hata baada ya jina kubadilika yeye aliendelea na Royal yake.

Nyumba ya namna ile ina faida ambayo Ngome haitaipata. Viti vyote vinatazama upande mmoja, kuna giza la kweli, kuna kuta zinazorudisha sauti. Mwigizaji anaweza kunong'ona. Kwa tamthilia ya maneno, ambayo neno moja likikupita umepotea, huo ndio ukumbi. Na njia ya mtunzaji imenyooka: ujia katikati ya viti, sakafu inateremka kidogo kidogo, unakwenda mbele kama bibi harusi. Tena kila mtu anakuona.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba za sinema zikachukuliwa na serikali. Mwaka 1974 Zanzibar ikaanzisha televisheni ya rangi, kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote, na mwongo uliofuata ukaja mkanda wa video. Wanaoandika historia hii hupenda kuilaumu video peke yake. Mimi nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka ni viti vilivyovunjika bila kutengenezwa, na mama kuanza kusema sinema si mahali pa wasichana. Nyumba ikipoteza kina mama imepoteza chai yake na karanga zake, na iliyobaki ni mapazia.

Leo Majestic ni gofu. Taasisi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa ikipigania ifufuliwe, na kila mpenda jukwaa hapa mjini anaomba wafanikiwe, mimi nikiwa mbele. Ila kwa mtu anayetaka ukumbi wa kuchezea, nikikwambia uende Majestic nitakuwa nakudanganya. Nenda ukaitazame. Peleka vijana wako wasimame mbele yake, waulize wanadhani ndani mlikuwa na nini. Mchezo upeleke kwengine.

Wenzake Majestic nitawapitia haraka. Empire ya Darajani imekuwa duka. Cine Afrique ya Malindi, ambayo kabla ya Mapinduzi iliitwa Sultana, nayo haipo tena kama nyumba ya sinema. Mji uliokuwa na nyumba kama hizi kwa umbali wa kutembea kwa miguu hauna hata moja inayofanya kazi yake. Anayetaka paa imara, viti na umeme bila masihara ataishia kwenye ukumbi wa mikutano kama ule wa Sheikh Idris Abdul Wakil, Kikwajuni. Ni safi, ni wa baridi, hauvuji. Una harufu ya semina, na waigizaji wangu wakiingia humo wanaanza kusema kama wanasoma hotuba. Lakini mwezi wa Aprili, masika yamepamba, hutaucheka.

Klabu

Sasa niingie ninapopapenda.

Taarabu ya Unguja yasemekana ilianzia kwa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, aliyempeleka Mohamed Ibrahim huko Misri kujifunza kupiga kanuni. Hiyo ilikuwa burudani ya kasri. Mwaka 1905 ikaanzishwa Nadi Ikhwan Safaa, ndugu wapendanao, na muziki ukapata nyumba nje ya kasri. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akauvusha mpaka Ng'ambo: akaimba Kiswahili, akaimba habari za mji, nani kadhulumiwa na nani kapendelewa mahakamani, na mwaka 1928 sauti yake ikarikodiwa Bombay. Nikiulizwa mchezo wa kuigiza wa Kizanzibari umeanzia wapi, mimi siwatajii skuli za Waingereza wala michezo ya Shakespeare waliyokuwa wakicheza. Nawatajia chumba cha Siti, watu wamekaa kwenye mikeka, na mtu mmoja anainuka kwa sababu wimbo umemtaja jirani yake.

Vikaja vikundi vya kina mama, vyenye majina kama Royal Navy na Nuru el-Uyun, vikishindana kwa nguo na kwa nyimbo mpaka watu wa mji wakagawanyika. Mwaka 1958 ikazaliwa Culture Musical Club, ambayo nyumba yake iko Vuga. Ukitoka Majestic ukienda Culture unatembea dakika chache tu, na kwa dakika hizo umetoka kwenye historia iliyokufa ukaingia iliyo hai.

Klabu ni chumba. Viti, fidla, kanuni, udi, ngoma ndogo, feni inayolalamika, picha za marehemu ukutani. Jioni wanachama wanakuja mazoezini baada ya kazi, na mgeni mwenye adabu hakatazwi kukaa akasikiliza. Usiulize tiketi siku ya mazoezi. Toa salamu, kaa, nyamaza, na ukihojiwa sema umetoka wapi.

Kutoka kiti cha mbele mpaka kwa mwimbaji ni hatua mbili. Hakuna jukwaa la kupanda, hakuna giza la kujificha. Mwigizaji akisahau maneno, kila mtu anaona koo lake likimeza mate. Ndiyo maana waigizaji wachanga wanaiogopa klabu na kuitamani Ngome: Ngome inawaficha kwa ukubwa wake. Mimi nafundisha kinyume. Mchezo ukishasimama chumbani, utasimama popote. Ukianzia Ngome, unajifunza kupiga kelele, na hilo kulisahau huchukua mwaka.

Upungufu wake ni wa kweli, sitauficha. Hakuna nyuma ya pazia. Waigizaji wanabadilishia nguo uani, na mvua ikinyesha wanabadilishia kwa jirani. Watu wakizidi sitini hewa inakwisha. Taa ni ile ile ya dari, washa au zima. Mandhari ya mchezo ikihitaji msitu, bahari na jumba la mfalme, utaishia kumwambia mtazamaji ajaze mwenyewe. Pia nyumba ni ya watu. Hukodi klabu kama unavyokodi viti vya harusi. Unakwenda kwa mtu anayejulikana, unanywa chai, unaeleza, unarudi kesho. Kikundi kisicho na subira kitaona ni urasimu. Mimi naona ni kuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu, na ndivyo ilivyo.

Kidumbaki ni nduguye taarabu aliyekataa kuvaa tai: fidla inayokwenda mbio, ngoma ndogo mbili, na sanduku la chai lililofungwa kijiti na uzi likawa besi. Hicho hakitaki hata chumba. Kifungie mtaani, karibu na turubali la harusi, kina mama watafanya duara wenyewe. Anayekiweka kidumbaki juu ya jukwaa la Ngome amekifunga mikono. Nimekiona mara mbili, na mara zote mbili wapigaji walikuwa wakitazamana wao kwa wao kama watu waliopotea feri.

Kiwanja

Nilipofika hapa Maalim akaanza kukohoa kwenye simu, kumbe alikuwa anahesabu dakika za maongezi. Nikamwambia, "Ninyi Wapemba mna ukumbi wenu mnauacha nyuma."

"Upi huo? Ngome ya Chake?"

Siyo. Ngome ya Chake ni makumbusho, pazuri pa kupeleka darasa asubuhi, lakini siyo ya maonyesho. Nilikuwa nasema kiwanja cha mchezo wa ng'ombe. Zumari inalia, ngoma inagonga, dume limefungwa kamba ndefu, kijana anaingia na kitambaa mkononi, analichokoza, linamjia, anaruka, kina mama wanaimba. Ng'ombe hauawi. Watu husema mchezo huo ulibaki kutoka kwa Wareno, lakini Mpemba ameshaufanya wake kabisa. Na njia ya mtunzaji hapo haipo, kwa sababu kila mtazamaji yumo ndani; dume likigeuka, safu nzima ya mbele inakuwa waigizaji, tena wakimbiao vizuri.

Unguja tuna Makunduchi, Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa magomba mpaka hasira za mwaka mzima zimewatoka. Banda la makuti linatiwa moto na mtu yumo ndani, anatoka mbio, watu wanamfukuza. Kina mama wanapita kwa safu na kanga zao mpya wakiimba maneno ambayo siku nyengine yangewapeleka barazani kwa sheha. Halafu kila nyumba ina chakula, na mwenyeji asiyepata mgeni siku hiyo hufanya huzuni. Wanaosema Zanzibar haina mapokeo ya maigizo, hii wameiona na hawakuitambua kwa kuwa haikuwa na viti.

Kiwanja kina masharti yake. Kwanza mwanga: cheza alasiri, kati ya saa kumi na magharibi, jua limelainika na watu hawajaingia jikoni. Pili maneno: kiwanjani neno refu halifiki. Mchezo wa mabishano ya kifamilia, na fumbo limejificha kwenye sentensi ya tano, utazama. Kiwanja kinataka mwili, wimbo, kitu cha kukimbiza. Ukiwa na mchezo wa namna hiyo, bure kutafuta ukumbi.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Maalim alitaka jibu moja, nami nikamwambia haliko moja, ila yapo ya haraka.

Kama una tamthilia ya maneno na watazamaji hawazidi hamsini, klabu. Wakizidi mia na hujali harufu ya semina, Kikwajuni. Kama una taarabu na unataka watu watunze, klabu tena, au turubali la mtaani. Ngome uiendee ukiwa na waimbaji wanaojua kuwapandia watu. Kama una ngoma nyingi, sarakasi, nguo za rangi na maneno machache, Ngome inakungoja, hasa kuanzia Disemba mpaka Februari, wakati wa kaskazi. Mwezi wa Machi mpaka Mei usithubutu kucheza popote pasipo paa. Kusi njoo Ngome na vipaza sauti vyenye kofia.

Umeme nao usiusahau. Kuanzia Disemba 2009 Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, na walioonyesha kitu wakati ule walionyesha kwa jenereta. Klabu na kiwanja viliendelea kama kawaida, kwa karabai na kwa jua. Ngome bila umeme ni kuta na nyota. Nikipanga mchezo mpaka leo najiuliza: umeme ukikatika katikati, tutaendelea? Mchezo usioweza kuendelea naupunguza.

Saa ya kuanza, ukiacha kiwanja, haitofautiani popote: baada ya Isha, watu wameshasali na kula. Ukianza kabla, utaadhiniwa katikati ya kilele, na itabidi usimame, na ni sawa usimame. Ramadhani usipange kitu. Kuhusu kina mama, hapa klabu na kiwanja vinaishinda Ngome kwa mbali, kwa sababu mama anakwenda penye majirani zake, na anajua atarudi na nani. Bibi yangu asingekwenda Royal peke yake. Alikwenda kwa sababu mtaa mzima ulikwenda.

Maalim akanyamaza. Kisha akasema mchezo wao ni wa kadhi na mjane, kuna kesi ya shamba la mikarafuu, na watoto wawili wanakaa katikati ya watazamaji na kuinuka kutoa ushahidi.

"Basi umeshajijibu," nikamwambia.

"Lakini dada, Ngome... wazazi wao kule Chake wataka picha."

Picha nilimpa. Asubuhi vijana walisimama kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe na sare zao, wakapigwa picha kumi, wakanywa juisi ya miwa Forodhani, wakapita Vuga kuitazama Majestic kutoka barabarani. Mmoja aliuliza kama mle ndani mna mashetani. Jioni wakacheza kwenye chumba cha klabu moja, feni mbili, watu hamsini na kitu, wengi wao Wapemba wa Ng'ambo waliosikia kuwa kuna watoto wa kwao.

Kijana aliyecheza kadhi alikuwa na miaka kumi na mitano na kilemba kilichomshinda. Alipofika pale anapomrudishia mjane shamba lake, kabla hajamaliza hukumu, mama mmoja mtu mzima akainuka safu ya tatu, akapita taratibu mbele za watu, akamtia noti ya elfu mbili kwenye mkunjo wa kilemba. Kadhi akasahau maneno yote. Chumba kikamngoja. Mama hakurudi kukaa, alisimama pale pale, hatua mbili kutoka kwake, akamwambia, "Haya, baba. Hukumu."